Bomba la Futi Tatu

Kalangalala, Geita
4 Februari 2024

Mjomba Thobias,

Shikamoo. Najua swali lako la kwanza, kwa hiyo nalijibu mapema: sijaugua, sijafukuzwa kazi, na sijaolewa. Mama Amosi miguu yake inaendeleaje? Mwambie ile dawa ya kuchua aliyoagiza nimeipata, itakuja na basi la Jumanne pamoja na barua hii. Na mama yangu mpe salamu, mwambie Geita mvua zinanyesha na mimi nakula vizuri. Akikataa kuamini mwonyeshe mistari hii.

Nakuandikia kwa sababu mimi na wewe kwenye simu ni kelele tupu. Juzi nilikupigia nikasema neno lobedi mara sita, ukanijibu kwamba mpunga umeshika vizuri. Wewe ujumbe wa simu hutaki, unasema unaisha kabla salamu hazijaisha. Sawa bwana, karatasi ndiyo hii.

Mjomba, nimepewa lobedi! Miaka mitatu nimezunguka na tipa la mawe, sasa ndio nabeba mashine. Tela lake, lile la chini la kubebea mashine, ni jipya, limekuja tupu kabisa, halina hata kamba. Davis, meneja wetu wa usafirishaji, ameniita ofisini akaniambia dereva ndiye anayechagua vya kufungia mzigo na ndiye anayevisainia. Akasema mashine ikidondoka barabarani, sahihi ni yako dada. Nina miezi mitatu ya majaribio. Nikivuruga narudi kwenye tipa, na wapo wanaume watatu hapa yadi wanaisubiri hiyo nafasi kwa hamu.

Minyororo nimeshapata, mizito, imegongwa muhuri wa daraja lake. Kilichobaki ni vikaza vyake, vile vya kuuvuta mnyororo mpaka unyooke. Dukani kuna aina mbili. Kuna vya leva, unaukandamiza mkono wake kwa nguvu mara moja, unalala, unajifunga. Halafu kuna vya racheti, unapeleka mkono mbele na nyuma, krik krik krik, parafujo inajivuta yenyewe taratibu. Madereva wote wa hapa wanatumia leva. Nilipoishika racheti, Cornel, dereva mkubwa kuliko wote yadini, akasema hiyo ni ya saluni, nikaiulizie na rola za nywele. Madereva tuliokuwa nao wakacheka mpaka muuza duka naye akacheka.

Mimi nina kilo hamsini na sita. Ile leva nikiikandamiza naning'inia kama nguo kwenye kamba. Nichukue ipi? Ningemuuliza mtu mwingine, ila mtu mwingine aliyeendesha lobedi miaka kumi na tisa bila kuangusha hata spana simjui. Ungekuwa barabarani mpaka leo kama si yule ng'ombe wa babu kukuvunja bega.

Jibu haraka. Davis anataka orodha mwisho wa mwezi.

Mpwa wako anayejivuna kidogo,
Vumilia

*

Didia, Shinyanga
17 Februari 2024

Mpwa wangu dereva,

Marahaba! Marahaba mara mbili, moja yako na moja ya hilo lobedi. Barua nimeisoma kwa sauti, Mama Amosi akiwa anachua magoti, na tulipofika kwenye lobedi alisahau kuchua. Dawa ni nzuri ila inanuka, kuku wamehama upande ule wa nyumba.

Huku tuko salama. Mpunga ni kweli umeshika vizuri, sikukosea. Mama yako Rebeka amechaguliwa kiongozi wa kwaya ya kigango na sasa hatupumui. Anatuamkia hivi: mwangaluka, halafu papo hapo anauliza kwa nini jana ulichelewa mazoezi. Mimi siimbi, lakini naulizwa pia.

Sasa kazi. Chukua LEVA. Nimeandika kwa herufi kubwa ili huyo Cornel asome kutoka mbali. Racheti sisi hatukuzijua na mashine zilifika. Leva ni chuma na chuma, haina vijino vya kujaa vumbi, unaifunga kwa dakika moja na unaondoka wakati mwenzako bado anapiga krik krik kama panya ghalani.

Lakini usichukue tu. Angalia kipimo kilichochongwa kwenye kikaza, kiendane na mnyororo wako, kisiwe kidogo kuliko mnyororo. Angalia kulabu zake, mdomo ukiwa umeanza kufunguka rudisha. Angalia kama kuna mahali pamechomelewa, hicho ni cha zamani kilichopakwa rangi, muuzaji anakuona mgeni. Chukua sita. Vinne vya pembe za mashine, cha tano cha kulaza ule mkono wa kuchimbia wa kijiko, cha sita kikae kwenye boksi kikisubiri mwenzake afe.

Kuhusu kilo zako usihangaike. Tafuta bomba la chuma la futi tatu, livishe kwenye mkono wa leva, kisha kandamiza. Urefu wa bomba ndio nguvu zako. Madereva wote tulikuwa nalo nyuma ya kiti. Ofisini hawalipendi, kwa hiyo hawana haja ya kuliona.

Habari za bega na ng'ombe tuziache, zilishapita.

Wabeja, asante kwa dawa. Endesha vizuri, nimeshawaambia Didia nzima.

Mjomba wako,
Thobias

*

Kalangalala
3 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie mama hongera ya kwaya, na Mungu awasaidie waimbaji.

Nimefanya kila kitu ulivyosema. Leva sita, nimezikagua moja moja pale kaunta, mbili nikazirudisha kwa sababu kulabu zimelegea mdomo, muuza duka akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikasema na mtu wa Didia. Nimesaini. Bomba nimepata kwa fundi wa maji jirani yangu, limekatwa futi tatu kamili, liko nyuma ya kiti kama ulivyoagiza.

Safari ya kwanza ilikuwa Alhamisi. Kijiko kidogo, tani kumi na tatu, kutoka hapa mpaka nje ya Katoro. Cornel na wenzake walisimama kuangalia nitafungaje. Nikavisha bomba, nikakandamiza, tap! Pembe ya kwanza. Tap! Ya pili. Hakuna aliyesema neno la saluni. Mjomba, nilijisikia mtu mzima.

Samahani kwa mwandiko, najua unapanda milima. Nimejigonga kidevu na mlango wa gari, kwa hiyo naandika kwa mkono mmoja na mwingine umeshikilia kitambaa cha barafu. Si kitu.

Nawapenda wote,
Vumilia

*

Didia
9 Machi 2024

Vumilia,

Marahaba.

Mlango gani? Mlango wa lori unafunguka kwa nje, nimeufungua miaka kumi na tisa. Haufiki kidevuni.

Lile bomba litupe leo. Zile leva rudisha, uchukue racheti. Usiniulize kwa nini.

Thobias

*

Kalangalala
16 Machi 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Natumaini na nyinyi wazima, maana katika barua yako hukusema. Haikuwa na Mama Amosi, haikuwa na mama, haikuwa na mpunga hata punje moja. Nimeisoma nikadhani kondakta amenipa ya mtu mwingine.

Naandika kwa heshima zote ila nimekasirika, nitasema tu. Wewe ndiye uliyeniambia leva, tena kwa herufi kubwa. Wewe ndiye uliyeniambia bomba. Nimesaini vitu vipya sita, na vimeshachubuka rangi. Nilikwenda kwa Davis nikamwambia nataka kubadilisha, akauliza sababu. Sababu gani nimpe? Nilisema mjomba wangu ameandika. Alicheka hadi akavua miwani. Akasema Vumilia, lete sababu inayoeleweka, nitabadilisha siku hiyo hiyo.

Na wale wanaume watatu je? Nikirudi yadini na racheti baada ya wiki mbili watasema leva imenishinda. Watasema wanawake bwana. Wewe hukai nao, mimi nakaa nao.

Na mlango ni mlango, Mjomba. Kidevu kinapona.

Nipe sababu. Moja tu.

Vumilia

*

Kalangalala
7 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tatu zimepita. Kondakta anaapa alikukabidhi barua mkononi pale stendi ya Didia, na kwamba uliiweka mfukoni bila kuifungua. Nimempigia mama, anasema huumwi, unakula, unatembea, ila umekuwa kimya na unafagia zizi mara mbili kwa siku. Kama nimekukosea kwa yale niliyoandika, nisamehe. Nilikuwa na hasira.

Lakini ujue hili. Alhamisi ya tarehe kumi na nane nabeba buldoza, tani ishirini na sita, kutoka yadini mpaka Runzewe. Ndio mzigo mkubwa kuliko yote niliyowahi kufunga, na Davis atakuwepo kuangalia, maana baada ya hapo anaandika ripoti ya majaribio yangu. Usiponijibu nafunga na leva zangu na bomba langu, kama ulivyonifundisha mwanzo.

Mpwa wako,
Vumilia

*

Didia
12 Aprili 2024

Ng'wanone, mwanangu Vumilia,

Marahaba, na hujanikosea kitu. Barua hii anakuletea Amosi mwanangu mwenyewe, mkononi, kwa sababu basi linaweza kuchelewa na tarehe kumi na nane haichelewi. Mpe chakula, ametoka alfajiri.

Tuko wazima. Mama Amosi sasa anatembea mpaka kisimani. Mpunga tunaanza kuvuna. Nimeandika barua hii mara tatu, mbili nimezichoma jikoni. Hii ya tatu naiandika nikiwa nimekaa nje ili nisiwe karibu na moto.

Unataka sababu. Sababu ni bega langu.

Mwaka 2006, mwezi wa kumi na moja, nilibeba greda kutoka Shinyanga kwenda Kahama. Njia inapita hapa Didia. Sikutakiwa kuiacha barabara, lakini nilitaka nyumbani wanione. Nikakata kona, nikaingiza lobedi lote mpaka karibu na zizi la baba. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Watu walijaa. Wazee walilishika lile greda kama wanamshika bibi harusi. Nikala, nikajisifu, Vumilia, nilijisifu mpaka baba akaniambia nipumzike. Nilisema mnyororo niliofunga mimi haulegei.

Asubuhi nikakuta mmoja umelegea. Nikaona aibu, peke yangu, hakuna hata aliyekuwa ameamka. Nikafungua leva, nikavisha bomba la futi tatu, nikakandamiza kwa uzito wangu wote. Haikulala. Mkono wangu ulikuwa na umande, ukateleza. Unajua leva ikishakula nguvu zako zote halafu ukaiachia inafanyaje. Inakurudishia. Sikuliona lile bomba likija. Nilisikia tu bega limesema ka! nikajikuta chini, kichwa kwenye miti ya zizi, na upande wa pili wa miti amesimama ng'ombe Karani, anacheua.

Baba akatoka mbio na shuka lake. Akauliza, nini? Nikafikiria mambo matatu kwa mara moja: nimeacha barabara, nimetumia bomba lililokatazwa, na jana nimejisifu mbele ya ukoo mzima. Nikasema, "Ng'ombe."

Neno moja tu. Bomba nikalisukuma kwa mguu chini ya tela.

Ofisi ikatuma dereva mwingine kuchukua gari, wakanipa pole. Bega likaungwa vibaya, na wewe mwenyewe unajua sikuendesha tena gari kubwa. Hayo ni yangu, nimeyazoea. Lakini kwetu ng'ombe aliyempiga mtu hakai zizini, watu wanasema atarudia. Baba hakutaka, nakuambia hakutaka, Karani alikuwa ndiye ng'ombe wake mpole kuliko wote, ndiyo maana akamwita Karani. Wazee wakamsemesha mpaka akakubali. Siku ya nne akampeleka mnadani Tinde, akarudi hakula.

Na Karani hakuwa wa baba peke yake. Mama yake alikufa yeye akiwa ndama, na mama yako ndiye aliyemlea kwa chupa. Karani ndiye aliyekuwa akimlimia shamba. Msimu ule Rebeka alilima kwa jembe la mkono shamba lote, akachelewa kupanda, akavuna magunia sita. Na kila jioni alikuja kuninywesha uji, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umefungwa. Nilikuwa nayaona malengelenge kwenye viganja vyake, kijiko kinakuja mdomoni, na mimi nashirikiana naye kumlaani yule ng'ombe. Nilimlaani kwa sauti, Vumilia. Miaka kumi na saba nimemlaani.

Ndio maana ulipouliza leva au racheti nikaandika leva kwa herufi kubwa. Kuandika racheti kulikuwa kama kukiri. Nikajiambia bwana, leva ni nzuri, mimi tu niliteleza siku moja. Halafu ukaandika mlango. Nilisoma neno hilo nikaliona zizi lote la baba mbele yangu. Nimekutuma wewe, mtoto wa Rebeka, kwenye bomba lile lile. Nimeogopa kuliko siku ile ya greda.

Sitaki kujua ni mlango gani. Ila usiende Runzewe na leva.

Racheti nazo zina mambo yake, nimekwenda Shinyanga mjini kumwuliza fundi. Parafujo ipake grisi, vumbi la huko litaila. Usiifungue mpaka mwisho wa uzi wake. Ukimaliza kukaza, mkono wake ufunge na waya usichezecheze. Ukitembea kilomita kama ishirini simama, zunguka, kaza tena. Na kipimo kiendane na mnyororo, hilo halibadiliki. Kwa buldoza chukua minyororo minene zaidi ya ile ya kijiko, na vikaza vyake.

Mpe Davis sababu hii kama atataka. Mama yako usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, nikipata siku.

Mjomba wako, nina aibu,
Thobias

*

Kalangalala
28 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga magoti. Amosi alifika salama, akala ugali wa watu wawili, akalala kwenye kochi langu miguu nje. Amerudi na kitenge cha Mama Amosi, natumaini amekifikisha.

Naanza na la kwangu. Hakuna mlango. Ni leva. Ile pembe ya tatu siku ya Katoro, watazamaji wakiwa wameshaondoka, bomba liliruka likapita hapa chini ya mdomo, nimeshonwa nyuzi tatu. Cornel aliniona natoka damu, nikamwambia mlango, akasema "aa, mlango," halafu akaangalia pembeni. Sikuelewa kwa nini aliangalia pembeni. Subiri.

Barua yako niliisoma nimekaa kitandani. Nilicheka, Mjomba, unisamehe, pale uliposema "Ng'ombe" nilicheka mpaka kovu likauma. Halafu nikafika kwenye viganja vya mama nikalia.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usinikasirikie mpaka ufike mwisho. Hapa yadini kila asubuhi kabla ya kuwasha magari tunasimama kwenye duara, kikao cha usalama. Kila siku mtu mmoja anatoa kisa. Kwa kawaida ni vaa kofia, vaa viatu, kwaheri. Tarehe kumi na saba ilikuwa zamu yangu. Davis yupo, wote kumi na watano wapo. Nilitaka niseme racheti ni salama, nikaona watanicheka. Nikatoa barua yako mfukoni nikaisoma.

Walicheka! Pale kwenye Karani anacheua, mtu mmoja alikaa chini kabisa. Nikaendelea kusoma. Nilipofika kwenye uji hakuna aliyecheka tena. Nikakunja karatasi nikasema, na huu si mlango, nikawaonyesha kidevu.

Cornel, yule yule wa saluni, akaingia katikati ya duara, akainua mdomo wa juu kwa kidole. Mbele hana meno mawili, yale tunayoyaona ni ya bandia. Akasema, "Mke wangu anajua ni mpira wa miguu. Mimi mpira sijacheza tangu shule." Mwingine akakunja mkono wa shati, kiwiko chake nyumbani kinajulikana kama cha ajali ya pikipiki. Kijana mmoja, Magesa, akaonyesha kidole kilichopinda, akasema hiki ni cha mgomba ulioanguka, na kwao migomba haipo. Tulihesabu sita, Mjomba. Watu sita kati ya kumi na watano, kila mmoja na ng'ombe wake.

Davis alivaa miwani, akavua, akavaa tena. Akasema sababu imeeleweka. Siku hiyo hiyo nilikwenda dukani, minyororo minene na racheti sita, na wengine watapewa za kwao kabla ya mwezi wa sita. Mabomba yote yalitolewa nyuma ya viti, yakafika kumi na moja. Wameyauza chuma chakavu, hela wamenunulia soda za yadi nzima.

Buldoza nilifunga mwenyewe, krik krik krik, dakika arobaini. Hakuna aliyenicheka, kila mtu alikuwa ameinama anaangalia vijino. Nilisimama Bwanga kukagua, viwili vilikuwa vimelegea kidogo, nikakaza. Runzewe nilifika saa saba mchana. Nilipolishusha lile dude bila mkwaruzo nilipiga kelele peke yangu barabarani, watu wakageuka. Ripoti imeandikwa. Majaribio yamekwisha, lobedi ni langu.

Sasa lile la mwisho. Magesa anatoka Tinde. Anakwenda likizo Jumamosi ya tarehe nne. Ni kijana mzuri ila mdomo wake hauna breki, na kutoka Tinde mpaka Didia unajua ni karibu kiasi gani. Mama atasikia. Mjomba, mwambie wewe kwanza. Nakuomba. Mimi nimeshamsema ng'ombe wangu na bado nipo.

Mpwa wako anayekupenda sana sana,
Vumilia

*

Didia
10 Mei 2024

Mpwa wangu dereva wa lobedi,

Marahaba. Kitenge kimefika, Mama Amosi amekishona siku ile ile. Mpunga tumeingiza ghalani, mzuri, hakuna mwaka niliouona mzuri kama huu. Sikukukasirikia. Nilikasirika mpaka nusu ya ukurasa, halafu ukanifikisha kwa Cornel na meno yake nikasahau. Mwambie namsalimu. Mwambie amweleze mkewe, asingoje miaka kumi na saba.

Nimemwambia mama yako. Nilikwenda Ijumaa, siku moja kabla ya Magesa wako. Alikuwa anachambua mchele uani. Nilisema nina neno, akasema kaa, nikasema neno lenyewe ni la kusimama. Nikamwambia lote, kuanzia kona niliyokata mpaka Tinde.

Hakuinua kichwa. Aliniuliza kitu kimoja tu. Akasema, "Wakati unaanguka, Karani alikuwa anafanya nini?" Nikasema anacheua. Akaendelea kuchambua, akatoa kokoto moja, ya pili, halafu akaweka ungo chini akaingia ndani akafunga mlango. Nilisimama uani mpaka kuku wakaanza kunizoea.

Kesho yake asubuhi alikuja kwangu na jembe. Hakusalimia. Akanionyesha shamba lake la viazi upande wa chini, akasema ng'ombe hawatagusa hapa mwaka huu, utatengeneza matuta kwa mkono. Nikasema ndiyo. Unajua bega langu, lakini Vumilia, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeshushiwa greda mgongoni. Matuta mawili kwa siku, siwezi zaidi. Yanapinda kweli kweli.

Hanisemeshi mpaka leo. Lakini nilipomwambia nakuandikia akanyoosha mkono, kwa hiyo nimemwachia nafasi hapa chini. Atakachoandika sitakisoma.

Mjomba wako,
Thobias

*

Vumilia mwanangu,

Mimi ni mama yako. Hujambo? Mimi sijambo. Kwaya inaendelea, wachelewaji wamepungua.

Kidevu chako ulinificha. Tutaongea ukija.

Mjomba wako simsemeshi mpaka Jumapili, nimeshapanga hivyo. Baada ya misa nitamsalimia. Babu yako hayupo kusikia, hilo ndilo linaloniuma, mengine nimeyaachia. Wewe ukifunga mashine funga kama anavyokuambia sasa, si kama alivyokuambia mwanzo.

Yuko shambani, tuta la kumi na nne. Anamtuma Mama Amosi kuniambia bega haliumi hata kidogo, nikuandikie hivyo usiwe na wasiwasi. Safari hii sikuandika nilichoambiwa. Nimekwenda mwenyewe, nimemvua shati nikalishika hilo bega.

Linauma. Nimechukua jembe, yaliyobaki tunalima wote.

Mama yako,
Rebeka